Neema ya Kuona na Wakati Wake

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa macho ya kutazamia na nyoyo za kufahamia, na twamsalia Mtume wetu Muhammad, yeye na jamaa zake na masahaba zake wote.

 

Katika Surat an-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu atukumbusha kwamba alitutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui kitu, kisha akatujaalia kusikia na kuona na nyoyo, ili tupate kumshukuru. Tuisomapo aya hii twaiharakia ile shukrani iliyo mwishoni. Husema alhamdulillahi tukapita. Leo natusimame penye mwanzo wake, penye kule kutokujua. Kwamba mtoto mchanga hajui kusema, hilo latudhihirikia. Kwamba hajui kutembea, hilo nalo twaliona kwa macho yetu. Lakini je, ajua kuona?

Wengi watajibu ya kwamba kuona hakufundishwi. Mtu mwenye macho mazima huyafungua akaona, kama mwenye nyumba afunguavyo dirisha mwanga ukaingia. Jawabu hili ndilo tulilolirithi, na ni kosa. Na kwa ajili ya kosa hili wako watoto wanaopoteza neema ya kuona na hali ilikuwapo njia ya kuwaokoa. Katika lugha ya Kijaluo isemwayo na majirani zetu na wengi miongoni mwetu, kuona huitwa *neno*. Basi natulishike neno hili moja: kuona ni elimu, ubongo hujifunza kama ulimi ujifunzavyo kusema, na elimu hiyo ina wakati wake uliopimwa. Wakati huo ukipita, jicho laweza kuwa zima na mtu asione.

Aliyeanza kuipasua njia ya elimu hii vizuri ni mtu wetu, na inatupasa tumjue. Naye ni al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 wa Miladi, akafa Kairo yapata mwaka 1040. Wanahistoria husimulia kwamba al-Hakim, mtawala wa Misri wa ukoo wa Kifatimiya, alimwita ili autengeneze mto wa Nili, uache kuzidi mwaka huu na kupungua mwaka ujao. Ibn al-Haytham akasafiri hadi upande wa Aswan, akautazama mto, akatambua kuwa kazi ile haiwezekani. Wasema kwamba kwa kuiogopa ghadhabu ya mtawala alijifanya mwenda wazimu, akakaa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu kwa mkono wake, na akiandika vyake.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba, juu ya kuona. Kabla yake walikuwako wakubwa wa Kiyunani waliosema kwamba jicho hutoa mionzi yake yenyewe, ikaenda kukigusa kitu kama kipofu akigusavyo kwa fimbo. Ibn al-Haytham hakusema: hawa ni wakubwa, nasi ni nani? Aliwaheshimu, akawahoji. Akathibitisha kwa majaribio na hesabu kwamba nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni; na miongoni mwa hoja zake ni kwamba nuru kali huliumiza jicho, basi vipi iwe jicho ndilo litoalo?

Lakini jambo linalotuhusu leo zaidi limo katika juzuu ya pili. Humo alieleza kwamba nuru kuingia jichoni si mwisho wa kuona. Baada yake kuna kupambanua, kukumbuka na kuamua, nako hufanywa na nguvu iliyomo ndani. Akatoa mfano ambao kila mwalimu wa chuo atauelewa: mtu ajuaye kusoma akilitupia jicho neno *abjad* limeandikwa, hulitambua mara moja kwa umbo lake, wala haanzi na alifu kisha bee kisha jimu. Lakini mtu huyohuyo siku za kwanza za chuo alikuwa akihangaika na herufi mojamoja. Kazi ya akili haikuondoka. Imekuwa nyepesi kwa mazoea hata mwenyewe hajui kwamba aifanya. Ndivyo tuonavyo nyuso, miti na njia zetu.

Kutoka hapo hadi kuyashika maneno hayo ndani ya ubongo wenyewe ilipita karibu miaka 1000. Katika waliofika huko yuko mmoja ambaye njia yake ina mafunzo kwetu. Jina lake ni Torsten Wiesel. Alizaliwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1924. Baba yake alikuwa mkuu wa matabibu wa maradhi ya akili katika hospitali ya Beckomberga, Stockholm, na kijana akakulia katika viwanja vya hospitali hiyo. Mwenyewe ameandika kwamba shuleni alikuwa mvivu na mtundu, hapendi ila michezo. Wazazi wenye vijana wa namna hii wasikate tamaa. Alipoingia masomo ya utabibu katika taasisi ya Karolinska moyo wake uliamka, akatoka tabibu mwaka 1954, na akafanya kazi katika sehemu ya hospitali inayotibu watoto wenye maradhi ya akili. Huko aliona jinsi elimu ya tabibu ilivyokuwa chache mbele ya ubongo, akataka kujua ubongo wenyewe hufanyaje kazi.

Mwaka 1955 akavuka bahari kwenda Baltimore, Marekani, kwa mwalimu aitwaye Stephen Kuffler, katika chuo cha Johns Hopkins. Kuffler alikuwa amekwisha onyesha kwamba chembe hai za nyuma ya jicho huamshwa na doa dogo la nuru. Mwaka 1958 akamjia Wiesel mwenzake, David Hubel, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa amekwisha tengeneza sindano nyembamba ya madini iwezayo kuingia ubongoni na kusikiliza chembe moja peke yake. Chembe ikiamka, chombo hutoa mlio, nao wakausikia kwa kipaza sauti.

Wakaanza na paka, wakisikiliza sehemu ya nyuma ya ubongo ambako habari za macho hufikia. Walimwonyesha madoa ya nuru na madoa meusi, kwa kuwa mwalimu wao alifaulu kwa madoa. Chembe zikanyamaza. Wakashinda saa nyingi juu ya chembe moja bila ya kupata kitu. Kisha, walipokuwa wakiingiza kipande cha kioo chenye doa katika mashine ya kumulikia, ghafla chembe ikapiga kelele mfululizo. Hawakufurahi tu wakaenda zao, waliuliza sababu. Wakagundua kuwa lile doa halikuwa na habari. Kilichoiamsha chembe ni ukingo wa kile kioo, uliotupa kivuli chembamba kama mstari kikipita mbele ya jicho; na mstari ule sharti uelekee upande mmoja maalumu. Ukigeuzwa, chembe hunyamaza.

Basi ikadhihiri kwamba jicho halipeleki picha kamili ubongoni ikaangaliwa kama mtu aangaliavyo picha ukutani. Mshipa wa kila jicho una nyuzi zipatazo milioni 1, nazo hupeleka habari tu. Huko ubongoni kila chembe ni kama shahidi aliyepewa jambo moja la kushuhudia: huyu hushuhudia mstari uliosimama, huyu uliolala, huyu ulioinama, huyu hushuhudia mwendo. Kwa ushahidi wao wote ubongo huhukumu: huyu ni mama yangu. Aliyoyafahamu Ibn al-Haytham kwa kufikiri na kujaribu, hawa wameyasikia kwa sindano.

Ndipo likaja swali linalotuhusu sisi wenye watoto. Matabibu walikuwa wamekwisha ona jambo la ajabu. Mtu mzima akipata mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe uzibao mboni, akapasuliwa hata baada ya miaka, huona tena. Lakini mtoto aliyezaliwa nao, akiachwa hata akawa mkubwa, kisha akapasuliwa, jicho likawa safi kama kioo, haoni vyema. Jicho limefunguliwa, wala kuona hakukuja. Kwa nini?

Wiesel na Hubel, ambao kutoka mwaka 1959 walikuwa katika chuo cha Harvard, walilifunga jicho moja la mtoto wa paka tangu siku zake za mwanzo kwa muda wa miezi miwili au mitatu, kisha wakalifungua. Matokeo waliyatangaza mwaka 1963. Jicho lile lilikuwa zima. Ila ubongoni karibu chembe zote zilikuwa zimeliacha, zimelihamia lile jicho jingine. Kwa paka mkubwa, kufungwa muda mrefu hakukuleta madhara hayo. Na kwa mtoto wa paka aliye katika wiki ya nne au ya tano, siku chache tu za kufungwa zilitosha kuanza kuharibu. Ikajulikana kwamba upo muda mapema katika uhai ambapo ubongo huandika kitabu chake cha kuonea, na jicho lisilotoa habari katika muda huo hufutwa daftarini.

Najua msomaji amekwisha kumkumbuka yule mwanamke ambaye Mtume wetu (s.a.w.) alitupa habari yake, aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya chakula. Ni haki kumkumbuka. Viumbe hawa wana haki juu yetu, na hata miongoni mwa wanachuoni wa leo yako mabishano juu ya mipaka ya kazi kama hizi, na nchi nyingi zimeweka sheria za kuwahifadhi wanyama. Sisi hatukuzifanya kazi hizo, lakini tumefikiwa na ilimu iliyotokana nazo. Basi ni aibu juu ya aibu kama ilimu iliyopatikana kwa maumivu ya kiumbe itatufikia kisha tuiweke rafuni.

Mwaka 1981 wawili hawa walipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Roger Sperry. Mwalimu wao Kuffler alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Faida kubwa zaidi ya tuzo ni kwamba matabibu ulimwenguni walijua wasingoje. Leo wataalamu hutaka mtoto aliyezaliwa na ukungu mzito jichoni atolewe ukungu huo katika wiki 6 hadi 10 za mwanzo, na hasa likiwa ni jicho moja. Wiki, ndugu zangu, wala si miaka.

Natuirejee nchi yetu. Ndhiwa si ngeni kwa habari ya macho. Katika mito yetu hii, Riana na Kuja, palikuwa na usubi uliowauma watu na kuwatia minyoo midogo sana, ambayo huenea chini ya ngozi na kufika machoni, mwisho wake ikawa upofu. Mwaka 1946 tabibu Garnham na mtaalamu wa wadudu McMahon walitia dawa ya DDT katika mto Riana, na baadaye kazi ikaendelea katika mito mingine ya Nyanza. Mwanzoni hawakujua funza wa usubi huyu wakaa wapi. Mwaka 1950 ikatangazwa kwamba wakaa juu ya migongo ya kaa wa mtoni. Nani angelidhani? Kabla ya mwisho wa miaka ya 1950 usubi huyu alikuwa ametoweka katika mito yetu, na taarifa iliyotolewa mwaka 1967 ilieleza kuwa baadhi ya wazee walikutwa bado wana minyoo miilini mwao miaka mingi baada ya mdudu kuondoka, ila hapakuwa tena na wa kuwaambukiza watoto wao.

Natutafakari. Wazee wetu waliokuwa wakikaa kando ya mito ile waliweza kusema: upofu ni kadari ya mahali hapa. Wangelisema hivyo na wakanyamaza, wasingelikosa ushahidi, kwani waliwaona vipofu kwa macho yao. Kumbe ilikuwa ni kadari pia kwamba mtu aingie mtoni, ageuze mawe, amkamate kaa na kumtazama mgongo.

Upofu wa mto umeondoka. Umebaki upofu wa kungoja.

Mtoto huzaliwa kijijini, karibu na mashamba ya miwa au kule juu ya bonde la Lambwe. Mboni yake ina weupe. Bibi huona, shangazi huona, jirani huona. Mmoja husema ni jicho la hasidi, afungiwe hirizi. Mwingine husema amtilie maji ya majani. Wa tatu, naye ndiye mpole wao na ndiye adhuru kuliko wote, husema: mwacheni akue, akifika umri wa shule tutampeleka. Utafiti uliofanywa upande wa Kilimanjaro na kutolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wengi wenye mtoto wa jicho hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno, na kwamba umbali wa safari na mama kukosa elimu ni miongoni mwa sababu. Sidhani kama sisi tu bora kuliko wao.

Huenda mtu akasema: Aliyemuumba mtoto huyu ndiye aliyeumba na weupe ule, kumpeleka kukatwa jicho si kupinga matakwa yake? Twamjibu kwa Sayyidna Umar (r.a.). Alipokuwa akielekea Sham akaambiwa kwamba kuna tauni, alirudi pamoja na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Naye akajibu kwamba ndiyo, waikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawajulisha kuwa hapana ugonjwa ulioteremshwa ila umeteremshiwa na dawa yake, isipokuwa uzee. Basi aliyeuumba weupe ule ndiye aliyemwumba tabibu, na ndiye aliyeujaalia ubongo wa mtoto uwe laini kwa muda. Ule ulaini ni rehema yake. Kuuacha upite hali twajua ni kuikataa rehema, wala si kuridhia kadari.

Huenda mwingine akasema: Wanachuoni hawa uliowataja si Waislamu, kwa nini wasimuliwe katika karatasi ya dini? Twamjibu kwamba elimu haiulizwi dini ya aliyeileta, huulizwa ukweli wake. Vitabu vya Ibn al-Haytham vilifasiriwa kwa Kilatini, Wazungu wakavisoma miaka mia kadhaa wala hawakuona haya kuwa mwandishi ni Mwislamu. Haya ilikuwa yetu, tuliokiacha kitabu chake na huku tukijivunia jina lake.

Na wa tatu huenda akalia: Mtoto wangu amekwisha timia miaka 8, maneno haya yananiua. Ewe mama, ewe baba, usikate tamaa. Kukata tamaa na rehema ya Mungu ni jambo lililokatazwa. Yuko mwanachuoni wa ubongo aitwaye Pawan Sinha, mzaliwa wa India afundishaye katika chuo cha MIT, Marekani. Katika kurudi kwake nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikutana na watoto vipofu ambao upofu wao ulikuwa wa kutibika, naye akaona kwamba kazi yake ya ubongo na haja ya watoto wale ni kitu kimoja. Akaanzisha kazi iitwayo Prakash, maana yake nuru, ya kuwatibu na kujifunza kwao. Mwaka 2011 yeye na wenzake walieleza habari za watoto waliotibiwa baada ya miaka 8 ya upofu na zaidi. Mara tu baada ya kufunguliwa, mtoto aliyekishika kitu kwa mkono hakuweza kukitambua kwa jicho. Baada ya muda mfupi, hata siku chache, akaanza kuweza. Kuona kwao hakukuwa kamili kama kwa aliyetibiwa mapema, lakini kuliwafaa. Basi aliyechelewa apelekwe leo, na asiyechelewa asicheleweshwe kwa kutegemea habari hii.

Yatupasa nini? Nitayataja mambo machache, na kila mtu aangalie lililo lake.

La kwanza ni la wazazi. Mtazame mtoto wako usoni katika mwanga wa mchana. Ukiona weupe katikati ya jicho, usingoje hata wiki moja. Kwani weupe huo wakati mwingine si mtoto wa jicho, bali ni saratani ya jicho, nayo huua. Ukiona mtoto wa miezi mitatu haufuati uso wa mamaye, au macho yake yachezacheza bila ya kutulia, au ana makengeza yasiyoondoka, mpeleke. Anza na zahanati unapompeleka chanjo, umwonyeshe muuguzi kwa kidole, wala usiondoke mpaka upewe jawabu au barua ya kwenda Homa Bay au Kisumu. Ziko pia hospitali zijulikanazo kwa kazi ya macho, kama Sabatia katika Vihiga na Kikuyu karibu na Nairobi.

La pili ni la baada ya kupasuliwa, nalo wengi hulipuuza. Kupasua hulifungua jicho. Ubongo bado haujafunzwa. Tabibu atampa mtoto miwani, na huenda akaamuru jicho zuri lizibwe saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Mtoto atalia. Jirani atasema unamtesa. Mama aliyefahamu kwamba chembe za ubongo hulihama jicho lisilotumika atastahimili, kama anavyostahimili kilio cha mtoto siku ya kwanza ya chuo. Miwani iliyowekwa kabatini isivunjike ni sawa na msahafu uliowekwa darini usichakae.

La tatu ni la jamaa. Nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mama hospitalini na kazi ya shamba iliyoachwa nyuma ndivyo vinavyomzuia maskini, zaidi ya ujinga. Tunachangia maziko kwa ukarimu, nalo ni jambo jema. Je, haitupasi kuwa na kisanduku kidogo cha sadaka kwa ajili ya macho ya watoto, kisibague Mwislamu na asiye Mwislamu, kwani jirani ana haki yake? Nao walimu wa vyuo wayatazame macho ya wanafunzi wao. Mtoto aishikaye juzuu karibu na pua, au ainamishaye kichwa upande mmoja, huenda si mzito wa akili kama adhaniwavyo na kuchapwa. Huenda haoni.

La nne ni la elimu yenyewe. Twaomba matabibu kutoka kwa wengine, twaomba wataalamu kutoka kwa wengine, na huku watoto wetu tukiwagawa mafungu mawili, wa dini na wa dunia. Ibn al-Haytham hakugawanyika. Kuna nini kinachozuia binti wa Ndhiwa, ahifadhiye Kurani asubuhi, kusoma habari za chembe hai na nuru mchana, na siku moja akae juu ya swali la ubongo kama walivyokaa wale, saa nyingi, chembe ikiwa imenyamaza? Kinachohitajika si mtoto asiyekosea, bali ni mtoto aulizaye sababu, na mzazi asiyemnyamazisha anapouliza.

Lakini ndugu zangu, tusije tukayageuza maneno haya yakawa dharau kwa wasioona. Abdullah ibn Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Kwa ajili yake iliteremshwa Surat Abasa, nayo ndani yake mna maonyo kwa Mtume mwenyewe alipomgeukia tajiri akamwacha yeye aliyekuja kutafuta uongofu. Alikuwa mwadhini wa Mtume, na zaidi ya mara moja aliachiwa Madina pale Mtume alipotoka safari. Basi ambaye kuona kumemkosa hakukosa daraja yake, na haki yake kwetu ni shule, kazi na heshima. Twatibu upofu kwa sababu kuona ni neema, wala si kwa sababu kipofu ni pungufu.

Na katika Surat al-Hajj, aya ya 46, twafunzwa kwamba upofu ulio mkubwa si wa macho bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Baada ya kuijua habari ya ubongo, onyo hili lazidi uzito. Jicho la mtoto wa paka halikuharibika. Lilinyimwa kazi, na lilipokuja kufunguliwa wakati ulikuwa umepita. Kila mmoja wetu apewa muda wa kuona haki na kuitenda, wala hakuambiwa ni mrefu kiasi gani. Asemaye nitatazama kesho, mtoto wake amngojea leo akiwa na mboni nyeupe.

Ewe Mola wetu, tunurishie macho yetu na macho ya watoto wetu, na uzinurishe nyoyo zetu. Tupe elimu ifaayo na haraka katika kuitenda. Usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojua wakangoja. Amin.